Naomba ushauri: programu yangu ya kutazama picha imejisasisha, sasa kazi haiendi

mpigapicha_sinza
Habari za jioni wakuu. Nina studio ndogo hapa Sinza, kazi zangu nyingi ni harusi na sendofu. Bibi harusi anakuja na mama yake au dada zake, nawakalisha mbele ya kompyuta, nabonyeza mshale wa kulia picha moja baada ya nyingine. Wakisema "hiyo hiyo!" naipa nyota tano. Zenye nyota ndizo zinaingia kwenye albamu. Programu ilikuwa nyepesi, ukibonyeza tu picha imefika.

Sasa imejisasisha yenyewe. Jina naliacha, sitafuti ugomvi, nataka kazi iende. Toleo jipya linanitaka nijisajili kwa barua pepe kabla halijanionyesha picha zangu mwenyewe zilizo kwenye diski yangu mwenyewe. Bando linaisha kwa sababu linapandisha picha mtandaoni bila kuniuliza. Faili za RAW (picha ghafi za kamera) zinakuja na ukungu, zinakaa, ndipo zinatakata, na hapo rangi imepauka. Jana mama mmoja alimtazama binti yake kwenye kioo cha kompyuta akaniuliza kama kamera yangu ni mbovu. Iliniuma sana.

Kubwa kuliko yote, nyota hazionekani. Folda zipo, picha zipo, nyota hakuna. Kuna bibi harusi ambaye albamu yake bado sijaichapa na amesharudi Songea na mumewe. Nifanyeje?

fundi_kkoo
Pole sana mkuu. Kabla ya yote, usiiondoe hiyo programu kwenye kompyuta hata kama inakukera. Huenda nyota ziko ndani yake.

Suala la ukungu liko hivi. Faili la RAW limebeba ndani yake JPEG iliyotengenezwa na kamera yenyewe. Programu nyingi nyepesi zinaonyesha hiyo JPEG, ndiyo maana picha inafika chapuchapu na rangi inafanana na uliyoiona kwenye kamera. Inaelekea toleo lako jipya linasoma data ghafi na kuipika upya. Hiyo ni kazi nzito, na rangi linaamua lenyewe. Kamera yako ni nzima. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya RAW, uchague ionyeshe picha iliyomo ndani ya faili. Ukikosa, jaribu programu nyingine ya kutazama picha, FastStone au IrfanView. IrfanView ipo tangu 1996 na bado ni nyepesi, ila kwa RAW uweke na plagini zake (vipande vya kuongezea).

kijana_wa_tabata
Rudi toleo la zamani kaka, usijitese.

dada_pikseli
Kurudi toleo la zamani sawa, lakini asipakue kwenye tovuti yoyote inayojitokeza, virusi vimejaa humo. Achukue kwa watengenezaji wenyewe, halafu azime kujisasisha. Na kaka, IrfanView na FastStone ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Studio ni biashara, kwa hiyo unatakiwa ulipie leseni. Kama hela haipo sasa, digiKam ni ya chanzo huria, unaitumia hata kazini bila kulipa.

Kuhusu nyota, fungua folda ya harusi ya zamani uangalie kama kuna vifaili vyenye majina sawa na picha lakini vinaishia na .xmp. Hayo ni maandishi tu. Kifungue kimoja kwa Notepad, tafuta neno Rating. Ukiona 5 pembeni yake, nyota yako iko salama na programu nyingine zinaweza kuisoma. Usipoviona, huenda nyota zinakaa kwenye hifadhidata ya programu, na huo ndio utaratibu nisioupenda hata kidogo. Picasa, programu ya picha ya Google, nayo iliandika nyota kwenye kifaili kilichofichwa, .picasa.ini, na walipoachana nayo 2016 picha zilibaki ila uchaguzi wa watu haukusomeka kirahisi kwingine. Mtazamaji wa picha kazi yake ni kuonyesha. Uchaguzi wa mteja ni mali yako, ukae pamoja na picha.

mpigapicha_sinza
Dada Mungu akubariki! Za zamani nimeziona, Rating 5 kabisa, na digiKam imezisoma. Nimeenda kwenye mipangilio yake ya metadata (maelezo yanayoambatana na picha) nikawasha iandike .xmp kila ninapotoa nyota. Tatizo limebaki kwa huyu wa Songea, folda yake haina kifaili hata kimoja.

fundi_kkoo
Basi huenda zake ziko kwenye hifadhidata. Nakili kwanza folda nzima ya programu, ile iliyofichwa ndani ya AppData (folda ya Windows inayotunza data za programu), uiweke kwenye diski ya nje. Kisha utafute kwenye menyu ya toleo jipya amri ya kuandika metadata kwenye faili. Kama haipo, weka toleo la zamani kwenye kompyuta nyingine, ulipatie nakala ya hiyo hifadhidata. Huenda likagoma, kwa sababu toleo jipya mara nyingi hubadilisha muundo wake.

dada_pikseli
Likigoma usimsumbue kusafiri. Tengeneza nakala ndogo za JPEG, upana pikseli 1,000 zinatosha, umtumie WhatsApp kama dokumenti ili majina ya faili yasibadilike. Akujibu kwa namba za picha tu. Na ili kuokoa bando, kwenye Windows iwekee Wi-Fi yako alama kwamba ni ya kulipia kwa kipimo (metered), halafu ndani ya hiyo programu uzime kupandisha picha. Ukimaliza na huyo dada wa Songea, ndipo uiondoe.