Albamu ya David Gilmour akiwa na miaka 78: mvuto wake uko wapi?

Msikilizaji wa Kisasa (Dodoma):
Ndugu zangu, habari za jioni. Kwa majuma mawili sasa, kila nirudipo nyumbani, naisikiliza Luck and Strange, albamu ambayo David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, kundi la roki la Uingereza, aliitoa Septemba 2024 akiwa na umri wa miaka 78. Sikukulia kwenye muziki wa roki. Redio ya kwetu ilikuwa ya kwaya na dansi. Hata hivyo mzee huyu amenishika moyo, ilhali nyimbo zake zinakwenda taratibu na nyingi zinazungumzia uzee na kifo. Naomba mnaoufahamu muziki huu mnieleze kinachonivuta ni nini.

Mpiga Gitaa (Singida):
Ndugu, usikilize upya wimbo uliobeba jina la albamu. Kinanda kilichomo kilipigwa na Richard Wright, mwenzake wa Pink Floyd, walipokuwa wakipiga pamoja bila mpango maalumu katika banda la shambani kwa Gilmour mwaka 2007. Mwaka uliofuata Wright akatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo unachosikia ni mzee anayejenga wimbo juu ya vidole vya rafiki ambaye hayupo tena, na wala hamfuniki kwa gitaa lake: anamsubiri, anamjibu, kisha anampisha. Maneno ya nyimbo, kwa sehemu kubwa, ni ya mkewe, mwandishi wa riwaya Polly Samson, waliyeoana naye mwaka 1994. Ndiyo maana habari za kuagana humo zinasikika kama maongezi ya watu waliozeeka pamoja, wala si hotuba.

Mwalimu (Kondoa):
Nakubaliana nawe kuhusu Wright, lakini nisingeishia kwenye majonzi. Gilmour alimkaribisha mtayarishaji wa kizazi kipya, Charlie Andrew, aliyethubutu kumuuliza kwa nini mahali fulani kwenye wimbo lazima pawepo gitaa. Mtu wa hadhi yake angeweza kukasirika, yeye alisikiliza. Zaidi ya hayo, alimwachia binti yake Romany wimbo mzima, Between Two Points, anaouimba huku akipiga kinubi, na kwangu huo ndio bora kuliko zote.

Mjukuu wa Zeze (Chamwino):
Sisi Wagogo hali hiyo ya kuimba na familia tunaijua. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, aliimba akizungukwa na watu wa ukoo wake, na mwaka 2002, mwaka mmoja kabla hajafariki, alitoa albamu ya Assembly pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Isikilize, ndugu, utasikia ilimba, ala yetu ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na gitaa vikipishana bila kugombea nafasi.

Msikilizaji wa Kisasa (Dodoma):
Nawashukuru sana. Nimeurudia wimbo ule nikifuata kinanda peke yake, na kwa kweli nilikuwa sijawahi kumsikia Wright. Kesho jioni nitaanza na Zawose.