Vim inapuuza rangi nilizoandika kwenye .vimrc

JichoLaPaka:
Wakuu, salamu. Tangu kuzaliwa macho yangu hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Nikifungua faili la .diff (linaloonyesha mabadiliko ya msimbo) kwenye kihariri cha Vim, mistari iliyoongezwa na iliyofutwa kwangu ni tope moja. Ndiyo, alama za + na - zipo mwanzoni, ila usiku wa manane huwa sizioni tena. Juzi niliidhinisha mabadiliko ya mwenzangu nikiamini ameongeza ukaguzi wa nenosiri, kumbe ndio alioufuta.

Nimeandika hivi juu kabisa ya .vimrc, faili la mipangilio ya Vim:

`highlight diffAdded guifg=#56b4e9`
`highlight diffRemoved guifg=#e69f00 gui=underline`

Hakuna kilichobadilika. Hata nikiziandika kwa mkono ndani ya Vim, kimya. Natumia terminali, si gVim yenye dirisha lake.

mzee_wa_terminali:
Umejijibu mwenyewe hapo mwisho. Ndani ya terminali Vim husoma `ctermfg`, rangi ya maandishi ya terminali. `guifg`, ya gVim, haitazamwi mpaka uweke `set termguicolors`, na terminali yenyewe iwe inamudu rangi za biti 24 (mamilioni ya rangi). Weka hiyo kwanza, kisha ziandike tena kwa mkono.

JichoLaPaka:
Mkuu, kwa mkono zimekubali! Bluu na chungwa, naona kama watu wengine. Nikifunga na kufungua upya, tope limerudi. Na mstari wa chini sijauona hata mara moja.

nukta_mkato:
Bila shaka chini ya mistari yako kuna `colorscheme`, amri ya kuchagua mandhari ya rangi. Mandhari nyingi za rangi huanza kwa `highlight clear`, na amri hiyo inafagia kila ulichopanga kabla yake. Ukitaka kumjua mhusika, andika `:verbose highlight diffAdded`, itakutajia faili lililogusa kundi hilo mara ya mwisho.

Ungeweza kuzishusha chini ya `colorscheme`, lakini siku ukibadili mandhari katikati ya kazi zitapotea tena. Mimi nafanya hivi, JUU ya mstari wa `colorscheme`, ili rangi zipangwe upya kila mandhari inapopakiwa:

`augroup RangiZangu`
`  autocmd!`
`  autocmd ColorScheme * highlight diffAdded guifg=#56b4e9`
`  autocmd ColorScheme * highlight diffRemoved guifg=#e69f00 cterm=underline`
`augroup END`

Tazama hiyo `cterm=underline`. Hata ukiwa na `termguicolors`, Vim ya terminali huchukua rangi tu upande wa gui. Unene na mstari wa chini bado inavitafuta kwenye cterm. Hili lilinila Jumamosi nzima.

Halafu, rangi zako ni zile za Okabe na Ito, zilizochaguliwa kwa wasiotofautisha rangi, sivyo? Umechagua vizuri.

JichoLaPaka:
Ndizo, ndugu yangu, nilizitoa kwenye grafu za makala moja ya sayansi, ndiyo pekee niliyowahi kuisoma bila kumuuliza mtu mstari upi ni upi.

Imekaa. Nimefunga na kufungua mara tatu, nimebadili mandhari makusudi, zimeng'ang'ania. Mstari wa chini ndio umenisaidia kuliko rangi zote, maana huo nauona hata nikiwa nimechoka. Nakwenda kuyafungua tena yale mabadiliko ya juzi, nianze na hilo nenosiri.

mzee_wa_terminali:
Ukishamaliza fanya vivyo hivyo kwa `DiffAdd` na `DiffDelete`, herufi kubwa. Hizo ndizo za vimdiff, inayolinganisha mafaili bega kwa bega, ni makundi tofauti kabisa, na huko tumia `guibg`.