Naomba ushauri: ngoma za albamu yetu ya roki

Wakuu, habari zenu. Bendi yetu ya roki nzito inarekodi albamu, na ngoma ndizo zinazotuumiza kichwa. Kila ngoma tumeiwekea maiki yake karibu kabisa, lakini sauti inatoka kavu, haina uzito. Kwenye wimbo wa mwisho wa albamu ya nne ya bendi ya Led Zeppelin (1971), mpiga ngoma wao John Bonham alipigia ukumbini Headley Grange, jumba la zamani huko Uingereza, maiki mbili zikining'inia juu ya ngazi. Ule mwangwi mpaka leo unanisisimua! Nasi tumepata ukumbi wenye dari la juu. Je, turekodi ngoma zenyewe kwanza, au bendi nzima ipige pamoja? Na gitaa lisiingie kwenye maiki za ngoma, mnazuiaje? Mliowahi kurekodi hivyo, nisaidieni.