Mwenye nyumba wa Lushoto amechukua kodi ya mwaka mzima kwa nyumba inayovuja maji ukutani, na sasa anaitangaza upya

Ndugu zangu, naandika kutoka Tabata, Dar es Salaam, nikiwa na hasira ambayo nimejitahidi kuituliza kwa wiki tatu nikashindwa. Mwezi Januari mwaka huu tulikubaliana kama familia kwamba mama yetu, mwalimu mstaafu ambaye joto la jiji hili limemchosha, akaishi Lushoto, ambako alifundisha ujanani na bado ana rafiki zake wa siku nyingi. Tulitafuta nyumba ya kukaa miaka, si ya kupumzika siku mbili, na dalali akatupeleka kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyopakwa rangi upya, jua likiwaka, na bonde lote likionekana kutoka barazani.

Kodi ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba akasema hapokei pungufu ya miezi 12. Tukalipa 2,400,000 kwa mkupuo, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Mama alihamia tarehe 1 Februari, na mwezi huo wote alikuwa akinipigia simu kwa furaha.

Masika yalipoanza mwezi Machi ndipo tulipoelewa tumepangishwa nini. Nyumba ile imejengwa kwa kuchonga ubavu wa mlima, kama zilivyo nyingi huko Usambara, na jambo hilo peke yake si kosa. Kosa ni kwamba kati ya ukuta wa nyuma na udongo uliochongwa hakuna nafasi hata ya mtu kupita, hakuna mtaro wa kupeleka maji pembeni, na bati halina mfereji, hivyo maji yote ya mlimani na ya paa yanajikusanya kwenye msingi na kupanda ukutani. Nilipokwenda kumtembelea mwezi Aprili niliweka kiganja ukutani, juu ya kitanda cha mama, nao ule ukuta uliopakwa rangi upya ukaniachia maji na chokaa mkononi. Chumvi ilikuwa imeyeyuka ndani ya kopo lenye kifuniko. Vyeti vyake vya ualimu, ambavyo amevitunza kwenye bahasha tangu kabla sijazaliwa, vilikuwa vimeota kuvu la kijani, na mhuri wa kimojawapo hausomeki tena. Yeye mwenyewe alikuwa akikohoa usiku kucha, na ili kukausha chumba alikuwa akiingiza jiko la mkaa na kufunga madirisha kwa sababu ya baridi, jambo ambalo lingeweza kumuua usingizini. Kila ninapolikumbuka jiko lile miguu inaniisha nguvu.

Nilimfuata mwenye nyumba kwa adabu zote, nikamwamkia, nikamweleza. Akanijibu, "Mwanangu, huku ni milimani, mvua lazima inyeshe." Nikamwomba achimbe mtaro, akasema mkataba hauna mtaro. Nikamwambia basi arudishe kodi ya miezi ambayo mama hataikaa, akasema fedha ameshazitumia kujengea nyumba nyingine. Mwishoni mwa Mei nilimrudisha mama Dar es Salaam, na miezi minane, yaani shilingi 1,600,000, imebaki mikononi mwa mtu ambaye kila masika anaona maji yakipanda kwenye ukuta wake mwenyewe.

Nataka ieleweke ninalolalamikia. Silalamikii mvua ya Lushoto, ambayo ndiyo inayofanya mji ule uwe na mboga na matunda tunayoyala huku. Nalalamikia desturi ya kumlipisha mpangaji mwaka mzima kabla hajaiona nyumba ikinyeshewa, kwa sababu kodi ya mwezi kwa mwezi ndiyo silaha pekee ya mpangaji, na akishaitoa yote siku ya kwanza, mwenye nyumba hana tena sababu ya kushika jembe. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa kawaida amebaki na mkataba wa ukurasa mmoja ulioandikwa na mwenye nyumba. Hata hivyo hatujaachwa watupu kabisa: kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamwajibisha mwenye nyumba kuhakikisha kuwa nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa pango linapoanza, na inaendelea kufaa, hata kama mkataba umekaa kimya. Kwa hiyo ile hoja yake ya mkataba kutokuwa na mtaro haina miguu.

Nimeshafungua shauri katika baraza la kata. Baraza hilo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana ndipo nitakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, maana yake ni safari nyingine za basi kutoka Mbezi hadi Mombo, na kona zote za kupanda mlima. Nitazisafiri. Anayetarajia nichoshwe na nauli amenikosea hesabu.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni hiki. Jana jioni dalali yuleyule ameitangaza nyumba ileile, kwa picha zilezile za jua la Januari, "mazingira tulivu, hewa safi, kodi ya mwaka", ilhali pango letu linaisha mwakani tarehe 31 Januari na funguo moja bado ninayo mimi. Kama kuna ndugu yeyote hapa anayepelekwa kuona nyumba Lushoto wiki hii, tafadhali azunguke nyuma ya nyumba kabla ya kutoa hata shilingi, na kama kuna aliyewahi kurudishiwa kodi ya mbele kupitia baraza la wilaya, naomba anieleze alipeleka ushahidi gani. Mimi nina picha za ukuta, risiti ya 2,400,000 na vyeti vya mama.