Kubadilisha taimingi belti ya Corolla 110 mwenyewe nyumbani: wapi watu huharibu?

MwalimuNaliendele

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Mtwara, huku Naliendele. Nina Corolla 110, injini 5A, gia za mkono. Nililinunua mwaka jana kwa mstaafu mmoja. Dashibodi inasoma kilomita 187,000 na mzee hakumbuki taimingi belti (ule mkanda unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake) ilibadilishwa lini, wala kama iliwahi kubadilishwa. Juzi nimefungua kava la juu nikachungulia: mkanda una nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba.

Fundi mmoja wa mjini kaniambia laki moja na ishirini, hiyo ni ufundi tu, spea juu yangu, na gari lilale kwake siku tatu. Mshahara wa ualimu mnaujua, lakini siyo pesa peke yake. Mara ya mwisho nililiacha gereji nikarudishiwa bila jeki na mafuta yamekauka. Boksi ya spana ninayo, mwembe wa kivuli upo, shule tunafunga Ijumaa. Nafundisha fizikia, kwa hiyo puli na mikanda nimeizoea, ya ubaoni lakini. Nianzie wapi?

KijanaWaLigula

Mwalimu peleka kwa fundi. Mkanda ukikatika au ukikosea kuufunga, valvu zinagongana na pistoni, injini umeua. Laki na ishirini ni pesa ndogo hapo.

KaraniWaGhala

Mwalimu, salama? Kijana wa Ligula anasema kweli kwa injini nyingine, siyo hii. Kwenye 5A pistoni hazifiki kwenye valvu hata mkanda ukikatika. Najua kwa sababu wangu ulinikatikia karibu na njia panda ya Mnazi Mmoja nikitoka Lindi, saa tisa alasiri, nimempakia shemeji na kuku wake wawili. Injini ikanyamaza, basi. Hakuna kelele, hakuna moshi. Nikavutwa kwa kamba na lori la korosho mpaka nyumbani Mikindani, shemeji kanuna njia nzima, na Jumamosi yake nikafunga mkanda mpya mwenyewe. Mimi siyo fundi, ni karani wa ghala, kazi yangu mizani na magunia. Nimeshafanya kazi hii mara mbili kwenye gari hilohilo, na mara ya pili ilikuja wiki mbili tu baada ya ya kwanza, kwa kosa nitakalokueleza.

Kufungua ni jasho tu. Toa betri, toa tairi la mbele kulia, toa mikanda ya nje, toa kava la valvu, maana kava la juu la taimingi halitoki vizuri bila hilo. Weka jeki chini ya sampo, ile bakuli ya oili chini ya injini, katikati uweke kipande cha mbao, ndipo ufungue maunti, kishikizo cha injini, ya upande huo. Bolti ya puli kubwa ya krenki, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, ndiyo itakayokutesa. Sisi tunaokaa na upepo wa bahari tuna kutu isiyo ya kawaida, mimi niliimwagia dawa ya kutu tangu usiku. Kwa gia za mkono una bahati: ingiza namba tano, mama watoto akae akanyage breki kwa nguvu zote, wewe vuta na bomba refu kwenye spana. Wapo wanaoitegeshea spana chini kisha wanapiga stata. Usifanye hivyo. Spana ikichomoka ni mguu wako.

Sasa kosa langu. Puli ile kubwa ina mkato pembeni, na kava la chini lina namba, unalinganisha mkato na sifuri. Nikalinganisha. Juu, puli ya kemshafti, shafti inayofungua valvu, ina kitundu. Ukichungulia lazima uone alama ya kwenye kofia ya beringi katikati ya kitundu. Nikalinganisha. Nikafunga, gari likawaka, nikajipongeza kwa chai na mihogo. Kesho yake halipandi kilima cha kutoka Mikindani. Gia ya pili linatetemeka kama lina homa, mafuta linakunywa. Nikabadili plagi, nikasafisha kabureta ya jirani (halikuwa na shida, nilikuwa na hasira tu), wiki mbili nzima nahangaika.

Kumbe puli ile ni vipande viwili: kitovu cha ndani, pete ya nje, katikati raba. Raba ikizeeka, pete inateleza na mkato unahama nayo. Mkato unasema sifuri, krenki iko kwingine. Nilikuwa nimefunga mkanda kwa kufuata alama inayodanganya.

Kwa hiyo wewe toa plagi zote nne, injini itazunguka kwa mkono bila ubishi. Kwenye tundu la silinda namba moja, ile ya upande wa mkanda, ingiza mrija wa soda, wa plastiki, ukae juu ya pistoni, usiingize waya. Zungusha krenki kwa spana, mwendo wa saa tu, usirudishe nyuma. Mrija ukifika juu kabisa na kitundu cha kemshafti kikaona alama yake, hapo ndipo pa kufungia mkanda. Ukishatoa puli kubwa utaona puli ndogo yenye meno. Nayo ina alama yake ya kulingana na mwili wa oili pampu. Hiyo haitelezi. Iamini hiyo.

Chora mistari kwa rangi ya kucha kabla hujagusa mkanda wa zamani. Mpya usiukunje wala kuupindua. Ukishauvisha, legeza bolti ya roli ya kukazia, springi ivute yenyewe, zungusha krenki mizunguko miwili kamili, angalia alama zote tena, ndipo ukaze. Zikikataa, toa urudie, hata mara tano. Mimi nilirudia mara tatu, na ya tatu ilikuwa taa ya simu tayari.

MzeeWaMasasi

Niongeze kidogo kwa wengine wanaosoma. Wenye Vitz na IST msihangaike kuagiza mkanda, mle ndani mna cheni. Na wenye Land Cruiser za injini ya 1HZ msimsikilize karani kwa habari ya kukatika bila madhara, dizeli hiyo ikikatika mkanda valvu zinapinda. Kilomita 100,000 taa ya T-BELT ikiwaka, badili. Wengi huku wanaitoa balbu.

MwalimuNaliendele

Mzee wa Masasi shikamoo, na karani nakushukuru sana. Naandika nikiwa chini ya mwembe, mikono ya grisi. Bolti ilitoka jana jioni, mke wangu kwenye breki anasikiliza taarabu.

Nimefanya la mrija. Tatizo ni kwamba pale juu pistoni ni kama inasimama, unazungusha na mrija hausogei, huwezi kusema kilele ni wapi. Nikatumia akili ya maabara: nikauwekea mrija alama, nikapiga mstari kwenye puli mrija ulipofika hapo ukipanda, nikapiga mwingine ulipofika hapohapo ukishuka, kilele ni katikati ya mistari miwili. Halafu nikaangalia mkato wa puli kubwa. Uko nje kama upana wa kidole gumba! Puli ndogo iko sawasawa na alama yake. Raba ya puli kubwa ukiibonyeza kwa kucha inamomonyoka.

Sasa jingine. Nyuma ya puli ya kemshafti kuna oili mbichi, imetiririka mpaka kwenye mkanda wa zamani. Mkanda mpya ninao. Naweza kufunga tu kwanza, sili, ile raba ya kuzuia oili, nikabadili mwezi ujao?

KaraniWaGhala

Hapana mwalimu. Oili inakula raba ya mkanda, utakuwa umefunga mkanda mpya wa kufa mapema. Badili sili ya kemshafti na ya krenki zote mbili sasa hivi maana zipo wazi mbele yako, bei yake ndogo. Wakati wa kulegeza bolti ya kemshafti ishike kemshafti yenyewe kwa spana kwenye sehemu yake ya pembe sita, usitumie mkanda kuizuia. Na puli kubwa tafuta nyingine. Kama Mtwara hakuna, piga Kariakoo, ikipandishwa basi asubuhi, usiku unaipokea stendi.

MwalimuNaliendele

Nimepiga. Sili zote mbili na puli ya mtumba zinapanda basi kesho. Gari limelala juu ya matofali, nimelifunika turubai, na kuku wa jirani wameshalala ndani ya tairi.