Kibanja ni kimoja tu: nisomee injini za meli au nibaki na Yamaha zangu Ggaba?

MtotoWaPortBell:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Mimi kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Luzira, Kampala. Kutoka kwetu hadi gati la Port Bell, Ziwa Victoria, ni dakika kumi kwa mguu. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa grisa kwenye meli za mabehewa za Mwanza na Kisumu, yaani yule wa kupaka oili na kusoma geji. Kiswahili changu nimekirithi kwake, ndiyo maana nimeuleta uzi huu hapa. Nina diploma ya ufundi mitambo, na huu ni mwaka wa pili natengeneza mashine za boti Ggaba, nyingi Yamaha za farasi 40.

Mama amekubali tuuze kibanja cha Mukono nijiendeleze. Kuna wakala mmoja hapa Kampala anataka shilingi 7,500,000. Anasema ndani ya wiki tatu nitakuwa na vyeti vyote, na meli inanisubiri Dubai. Njia nyingine ni kwenda chuo, Dar au Mombasa, nisomee uhandisi wa meli kikamilifu.

Baba mdogo anacheka tu: "Uganda haina bahari, hiyo meli utaiendesha kwenye beseni?" Jirani naye amesoma mahali kwamba meli zijazo hazitakuwa na dizeli wala watu. Nimechanganyikiwa. Nawasilisha.

BodaWaNakawa:

Nunua boda mbili, moja uendeshe mwenyewe, nyingine umpe mtu. Meli utaziangalia ukiwa umekaa ufukweni na samaki wako wa kukaanga.

Grisa_Mstaafu:

Wewe ni mtoto wa nani? Usijibu hapa, nitumie ujumbe pembeni. Kama ni yule ninayemdhania, tulilala vitanda vya juu na chini.

Nikuambie kitu ambacho mimi nilikijua nimechelewa. Meli za Kaawa, Pamba na Kabalega zilikuja miaka ya themanini mwanzoni, zimeundwa Ubelgiji. Sitaha zake zina reli, behewa linaingia zima zima, mnalifunga, mnaondoka. Tulijiona mabaharia kamili. Mwaka 2005 Kaawa na Kabalega zikagongana ziwani, Kabalega ikazama, na miaka mingi baada ya hapo gati lile lilikuwa kimya kama makaburi. Hadi 2018 meli Umoja ya Mwanza ilipoonekana tena Port Bell, wazee tulikwenda kuitazama kama tunakwenda harusini.

Sasa, wakati wa ule ukimya nikashuka Mombasa kutafuta meli ya bahari kuu. Nimebeba barua ya miaka kumi na moja ya chumba cha injini. Bwana mmoja akaisoma, akanirudishia taratibu: "Mzee, hii ni ya ziwa." Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, ule wa 1978, unahusu meli za baharini. Meli inayofanya kazi ndani ya maji ya bara peke yake haimo. Miaka kumi na moja, hata siku moja haikuhesabiwa. Nilirudi nikauza vipuri Katwe.

Kwa hiyo swali la kwanza si chuo gani. Swali ni unataka ziwa au unataka bahari. Mlango wake si mmoja.

DadaKadeti:

Mzee Grisa amesema kweli tupu. Mimi ni binti wa Jinja, sasa niko Dar nasomea injini. (Ndiyo, msichana. Takwimu za 2021 zilionyesha wanawake ni asilimia 1.2 tu ya mabaharia wenye vyeti duniani, kwa hiyo kila mtu melini ananijua kabla sijamjua.)

Mdogo wangu, huyo wakala anakuchezea. Vyeti vya mwanzo vipo na ni vya siku chache kweli: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama kazini, na cha ulinzi wa meli. Hivyo vinakuruhusu kupanda ngazi ya meli tu, havikufanyi fundi wa injini. Ili uwe ofisa wa zamu wa chumba cha injini unatakiwa uwe umesoma, na ujumlishe miezi isiyopungua 12 ya karakana na ya baharini, humo miezi 6 angalau uwe umeshika zamu chini ya mhandisi anayekusainia kitabu. Nani atakusainia huko Dubai kwa wiki tatu?

Halafu Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza kabisa baharia kutozwa pesa ili apewe kazi. Cha kulipa mwenyewe ni cheti cha daktari, pasipoti na kitabu cha ubaharia. Gharama ya kutafutiwa kazi anabeba mwenye meli. Muulize wakala jina la meli, namba yake ya usajili ya kimataifa na mwajiri, na akupe mkataba uusome kabla hujatoa hata shilingi. Uone atakavyobadilika.

Ila na chuo nacho si pepo. Hapa kuna Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, Mombasa kuna Bandari. Darasani utafaulu. Kinachotutoa jasho ni kupata meli ya kufanyia mazoezi. Kuna wenzangu wamemaliza masomo ya darasani, mwaka wa pili sasa wanazunguka na bahasha kwenye ofisi za meli. Kabla hujalipa ada kaulize chuo: mwaka jana wangapi walipata meli, na walizipataje? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

ZamuYaUsiku:

Niko Mombasa, mhandisi wa pili, meli za mizigo. Naomba nimjibu huyo jirani wa dizeli.

Ni kweli mambo yanabadilika. Shirika la Bahari Duniani liliamua Julai 2023 kwamba meli za kimataifa zifikie sifuri ya hewa chafu ifikapo 2050 au karibu yake. Mwaka huohuo meli ya kwanza ya makontena inayotumia methanoli ikaanza kazi. Lakini Oktoba 2025, walipokutana London kupitisha kanuni za kulipishana juu ya hewa hiyo, wakaahirisha kwa mwaka mzima. Wenye meli wenyewe hawajui waagize injini gani, na meli ikishaundwa inaishi miaka 25 hivi. Dizeli utaikuta, utaiacha.

Nawe ukijifunza, jifunzie pale inapobadilika. Methanoli ikiwaka mchana moto wake karibu hauonekani, unaweza kuuingia unatembea. Amonia ikivuja inaua. Mtu atakayejua kufunga bomba la mafuta ya namna hiyo na kusoma kompyuta ya injini hatakosa kazi. Pistoni ni ileile, kinachobadilika ni unachoilisha na kinachoipima.

Na meli zisizo na watu? Norway wanayo Yara Birkeland, ya betri, iliyoundwa ijiendeshe yenyewe, inapita njia fupi ya pwani. Meli ya siku thelathini baharini, pampu ikipasuka saa nane za usiku, kompyuta haishiki spana. Ripoti ya 2021 ilisema hadi 2026 dunia ingehitaji maofisa wa meli 89,510 zaidi. Hao hawakuhesabiwa kwa ajili ya kukaa nyumbani.

MamaMukene_Kiyindi:

Nyote mnazungumza Dubai na London. Mimi nina boti mbili hapa Kiyindi, nasafirisha mukene (dagaa wa ziwani) na abiria wa visiwani. Fundi wa kuaminika namtafuta kwa tochi. Wiki iliyopita nimempigia mtu simu Jinja, amekuja siku ya tatu, amefungua mashine, amebaki na skrubu mbili mkononi, akasema "hizi si muhimu." Si muhimu!

Na kazi inaongezeka. Sheria ya usafiri wa majini ya 2021 inataka vyombo visajiliwe na vikaguliwe. Mafuta sasa yanaletwa na meli kutoka Kisumu hadi Bugiri, upande wa Entebbe. Mwanza wameunda meli ya abiria 1,200. Bandari ya Bukasa tunaisikia kila mwaka, hiyo sitaiweka kwenye hesabu hadi nione kreni kwa macho yangu. Na maji yenyewe hayatulii: 2020 na tena 2024 yalipanda hadi mialo ikazama, visiwa vya magugu vikawa vinatembea kama ng'ombe waliokosa mchungaji. 2020 kimoja kiliziba mitambo ya umeme Jinja, nchi nzima ikalala giza. Yote hayo yanahitaji mtu anayejua injini. Kibanja usiuze, mwanangu. Ardhi haifi kama mashine.

MtotoWaPortBell:

Nimesoma yote, ahsanteni sana. Dada, nilimwandikia wakala maswali yako manne jinsi ulivyoyaweka. Amenijibu kwa sauti, sekunde tisa: "Kijana, mkataba tutapeana uwanja wa ndege, wewe leta pesa kabla ya Ijumaa nafasi haijajaa." Basi hilo limekwisha.

Mama Mukene, hizo skrubu mbili zimenichekesha kwa uchungu. Leo tu nimeletewa mashine iliyochemka hadi rangi imebabuka. Nimefungua chini, kile kipira chenye mabawa kinachovuta maji ya kupoza kimeyeyuka, mabawa mawili tu yamebaki kati ya sita, na kwenye tundu la maji kuna kaveera (mfuko wa plastiki) nyeusi ya duka imejisokota kama uzi. Mwenye boti alishalipa mafundi wawili wabadilishe oili. Hakuna aliyechungulia tundu. Nikajiuliza kama kweli nataka kuondoka.

Ninavyofikiria sasa: nusu ya kibanja ikodishwe kwa kilimo, isiuzwe. Mwezi ujao nipande basi hadi Dar, niulize swali la Dada kwa mdomo wangu pale chuoni, kisha Mombasa vilevile. Nisipopata jibu la kueleweka kuhusu meli ya mazoezi, nabaki ziwani na kununua vifaa.

DadaKadeti:

Ukifika stendi ya Mbezi, Dar, nipigie. Usipande pikipiki ya yeyote anayekushika begi.

Grisa_Mstaafu:

Nimepata ujumbe wako. Ni yeye. Njoo Jumamosi saa nne, na kama mama bado analo lile daftari la jalada jekundu, alete. Humo baba yako aliandika joto la kila silinda kila zamu. Nataka nikuonyeshe ukurasa mmoja, siku ambayo silinda ya tano ilianza kusema kabla sisi wengine hatujasikia.

MamaMukene_Kiyindi:

Ukitoka kwa mzee, njoo Kiyindi. Ile mashine yangu imeanza kuchemka tena tangu jana. Nauli juu yangu, na skrubu zake mbili nimezihifadhi.