Tuliofanya opareshoni ya kupunguza tumbo, tupeane uzoefu: tumbo lako linakusumbuaje mpaka leo?

Mama Wawili
Habari zenu wapendwa. Leo nimepita Kariakoo pale wanapokamua juisi ya miwa, ile harufu tu ikanirudisha kwenye sendofu ya mdogo wangu. Mimi nilifanya baipasi 2021, ile wanabakiza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo kwa mbele, nimetoka kilo 128 mpaka 81, presha imeshuka na wala sijutii. Ila siku ile nilishinda bila kula tunahangaika na mapambo, jioni nikapewa glasi ya juisi ya miwa na kipande cha keki, nikanywa haraka haraka. Haikupita robo saa moyo unadunda, jasho mpaka gauni limenigandia mgongoni, tumbo linanguruma watu wanageuka, nikakimbilia chooni. Kuharisha kulipotulia nikajilaza chini, shavu kwenye vigae maana ndio vilikuwa na ubaridi, nasikia MC ananiita jina nikatoe zawadi na mimi siwezi hata kuitika. Shangazi akasema nimetupiwa kitu. Daktari anaita dampingi, yaani sukari inaporomoka kwenye utumbo kwa mkupuo na utumbo unavuta maji. Miaka imepita bado inanitokea nikijisahau. Nani mwingine? Na kwenye shughuli mnakula nini?

Chausiku T
Vigae vya choo navijua. Pole dada.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa
Mimi nilifanya sliv, ile wanakata tumbo wanabakiza kama kibomba. Dampingi sina sana, mimi ni kiungulia. Nalala nimekaa, mito mitatu, nikiteleza tu usiku nashtuka tindikali iko kooni nakohoa kama napaliwa. Asubuhi sauti haipo na nina vipindi vinne, watoto wanadhani nina mafua ya mwaka mzima. Nimepigwa kamera ya tumbo, wanasema dawa zikishindwa suluhisho ni kubadilisha iwe baipasi. Nasoma ya Mama Wawili hapo juu naogopa.

Kamanda Mazoezi
Mngeamka saa kumi na moja mkakimbia haya yote yasingekuwepo. Njia ya mkato ina gharama zake.

Chausiku T
Kamanda, nilikimbia miaka sita na goti nikaua. Nilikuwa na sukari, nachoma insulini mara mbili kwa siku, leo sichomi. Mada inasema tuliofanya, wewe umefanya?

Kamanda Mazoezi
Nimetoa maoni tu, mbona povu.

Bi Nuru Mvita
Mama Wawili pole mamangu. Kunywa na kula usichanganye, ngoja nusu saa. Anza na samaki ama yai, wanga mwisho, na utafune mpaka kilainike kabisa. Mimi hivyo ndivyo nakaa sawa.

Dogo Temeke
Mimi kinyume, nisiposukumia na maji chakula kinakwama hapa kifuani mpaka nikitapike. Nakunywa kila tonge.

Bi Nuru Mvita
Mwanangu hiyo si kawaida, hiyo yaweza kuwa njia imejibana. Nenda ukaangaliwe.

Baba Fetty
Mimi sijafanyiwa, ni mke wangu, baipasi. Naandika kwa sababu neno "gesi" lilitaka kuniulia mtu. Miezi 14 baada ya opareshoni, kapungua vizuri, akaanza maumivu ya kuja na kuondoka juu ya kitovu, hasa akishakula. Tulikwenda zahanati mara tatu tunaambiwa gesi, vidonda, anapewa dawa tunarudi. Usiku wa nne akaanza kujikunja, anataka kutapika hakitoki kitu ila mate, akipiga magoti na kuinama mbele anapata nafuu kidogo akilala chali anapiga kelele. Fetty kaamka kasimama mlangoni kashika kandambili za mama yake, kumbe anajua tunatoka. Hospitali ya kwanza wakataka kumpa dripu alale mpaka asubuhi, bahati kuna daktari kijana akauliza haya makovu madogo ya tumboni ni ya nini, nikamwambia, akaruka kwenye kiti. Kipimo cha CT, saa mbili baadaye yuko chumba cha upasuaji. Utumbo ulikuwa umepenya kwenye uwazi unaobaki ndani baada ya baipasi, mafuta yakiisha ule uwazi unapanuka, umejisokota humo. Daktari aliniambia ulikuwa umeshakuwa na rangi ya bilinganya, wakaunyoosha, wakaufunika na vitambaa vya maji ya moto na kusubiri, ukarudi kuwa mwekundu. Hawakukata hata kipande. Mimi nje nimekaa na pochi yake mapajani.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa
Mungu mkubwa. Kaka, sasa anaendeleaje?

Chausiku T
Zahanati gani hiyo tuijue?

Baba Fetty
Jina silitaji, ugomvi sitaki. Anaendelea vizuri. Tumeandika karatasi iko kwenye pochi na kwenye simu: amefanya baipasi, mwaka gani, asipewe dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni. Ukifika hospitali hilo ndilo la kwanza kusema, kabla hujasema unaumwa wapi.

Mjukuu wa Babu
Unga wa mlonge kijiko asubuhi, tumbo lote linatulia.

Bi Nuru Mvita
Mlonge haunyooshi utumbo uliojisokota, mjukuu.

Dogo Temeke
Hiyo ya diklofenaki kweli? Mimi nachoma sindano ya mgongo kila mwezi.

Chausiku T
Acha kabisa. Mimi nilimeza vidonge vya duka la dawa wiki mbili tu, kidonda kikatokea pale walipounganisha, choo cheusi kama lami, damu ikashuka mpaka nikaongezwa chupa mbili. Na vitamini B12 unachoma? Mimi niliiacha nikaanza ganzi za miguu.

Dogo Temeke
Sijawahi kuambiwa. Kesho naenda, na lile la kukwama nalisema pia.

Mama Wawili
Baba Fetty nimesoma huku nashika tumbo. Jumamosi nina harusi tena, hebu muulize shemeji mwenzangu yeye anafanyaje.

Baba Fetty
Nimemuuliza yuko hapa. Anasema asiende na njaa, anabeba mayai mawili ya kuchemsha anakula njiani. Ukumbini nyama kwanza, pilau vijiko vitatu, keki anapokea anampa Fetty. Na anachagua kiti karibu na mlango.